Halali na Kizuri: Swali la Muuza Maziwa wa Kitengela

  

Ndugu zetu Waislamu, katika mwezi wa Shaaban baadhi yetu wa darasa hili tulisafiri kwenda Kitengela, katika kaunti ya Kajiado, kuwazuru jamaa zetu waliohamia huko. Kwa asiyepajua, Kitengela ni mji ulio kando ya barabara itokayo Athi River kwenda Namanga, mpakani mwa Tanzania. Wazee wetu waliopita njia hiyo zamani walikuta mbuga, wanyama wa mwitu na ng'ombe wa Wamaasai. Leo ni mji mkubwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha wakaazi zaidi ya 150,000, na miongoni mwao wamo watoto wa Mombasa, wa Lamu na wa Malindi waliofuata kazi. Lakini mbuga haijesha. Mifugo ingaliko nyuma ya majumba ya ghorofa, na kila alfajiri maziwa huingia mjini juu ya pikipiki, katika mitungi ya bati na ya plastiki.

Baada ya swala ya Alasiri alitujia kijana mmoja Mwislamu, mwenye ng'ombe wanne na wateja wake wa maziwa. Akasema: "Shekhe, ng'ombe wangu mmoja ameumwa na kiwele, jana akadungwa sindano ya penisilini. Daktari wa mifugo ameniambia nisiuze maziwa yake mpaka zipite siku nne. Ng'ombe huyu hunipa lita kumi kila siku, nami nina karo ya watoto. Nauliza: ng'ombe ni halali, maziwa ni halali, na dawa si najisi wala si pombe. Nikiyauza, dhambi yangu ni ipi?"

Waliokuwapo msikitini wakagawanyika. Mmoja alisema: piga Bismillahi, uza, Mungu ndiye mwenye kulinda. Mwingine akasema daktari huyo ataka tu kujionyesha. Na sisi, kusema kweli, tulinyamaza, kwani mlango wa maziwa tuliousoma kwa mashekhe wetu wazungumza juu ya tohara na najisi, wala hapana mahali tulipokumbuka palipotajwa sindano. Tulimwomba ajizuie kuuza mpaka tumletee jawabu. Akatwambia ya asubuhi ile alikwisha kuyauza.

Basi tuliporudi nyumbani tulifungua vitabu, na pia tukawauliza wale waliosomea elimu ya vijidudu na chakula. Haya tunayoyaandika ni matunda ya pande zote mbili, na tumeona ni wajibu kuwashirikisha wasomaji wetu, kwa kuwa swali la kijana yule ni letu sote tunaokula na kunywa.

Lililo la kwanza kulijua ni kuwa Mola wetu, alipotuamrisha kula vilivyomo katika ardhi, hakutaja sifa moja. Ametaja mbili: kiwe halali, na kiwe kizuri, *tayyib*. Neno hili la pili tumelisahau. Sisi watu wa pwani tumekuwa hodari wa kuuliza "Nani amechinja?", na hilo ni swali jema; lakini baada ya hapo hatuulizi tena. Nyama inukayo, mradi kisu chake ni cha Mwislamu, twaikubali. Na nyama safi iliyokaguliwa twaipigia makelele kwa shaka isiyo na msingi. Huu si ucha-Mungu. Ni kuishika nusu ya amri na kuiacha nusu.

Sasa natuyatazame maziwa yenyewe. Katika Suratun Nahl Mwenyezi Mungu ametutaka tuzingatie jinsi anavyotunywesha kutoka matumboni mwa wanyama kinywaji safi, kitokacho baina ya uchafu na damu. Kila siku twaisoma aya hiyo, wala hatusimami. Waliosimama wakatazama, wengine wao hata si Waislamu, wamekuta ajabu. Katika maziwa mna protini iitwayo laktoferini, ambayo kazi yake moja ni kuyakamata madini ya chuma na kuwanyima vijidudu viharibifu wasipate kuyala. Na protini hiyo ikikatwa na maji ya tumbo, hutoka kipande kidogo ambacho chaua vijidudu kwa nguvu zaidi kuliko ile nzima iliyokizaa.

Vipande vya namna hii wataalamu huviita peptidi. Mtu aliyeshika tasbihi ataelewa kwa wepesi. Protini ni mfano wa tasbihi ndefu yenye shanga mamia. Peptidi ni kipande kifupi, shanga ishirini, thelathini au hamsini. Nyingi za hizi peptidi ziuazo vijidudu zina umeme chanya, na ngozi ya kijidudu ina umeme hasi, basi hivi viwili huvutana. Peptidi ikisha kumshika kijidudu huingia katika ngozi yake ikaitoboa, na kijidudu huvuja kama kiriba kilichochomwa msumari, akafa. Viumbe wengi wamepewa silaha hii. Katika mwaka 1981 Hans Boman na wenzake huko Sweden waliieleza peptidi waliyoikuta katika mwili wa nondo. Mwaka 1987 daktari wa Marekani, Michael Zasloff, alistaajabu kuona vyura wa Afrika aliowapasua kisha akawarudisha katika maji machafu, wakipona vidonda bila ya kutunga usaha. Alipochunguza ngozi zao akakuta peptidi mbili za ulinzi. Hata asali, ambayo Kitabu kimetaja kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu, watafiti wa Amsterdam walionyesha mwaka 2010 kuwa ina peptidi itokayo kwa nyuki mwenyewe, ikisaidiana na utamu wake mzito na asidi yake.

Hapa twaomba ruhusa tuseme neno juu ya hadithi ya nzi, kwani tunajua liko mdomoni mwa wasomaji. Hadithi ile imepokewa na Bukhari, nasi twaikubali. Na ni kweli kuwa watafiti wamekuta peptidi za kuua vijidudu katika miili ya nzi. Lakini wako wasemaji ambao, kila ikitoka khabari ya elimu, huikimbilia wakaifanya bakora ya kuwapigia wengine, kisha wao wenyewe wakaacha sinia ya nyama wazi sokoni, nzi wamejaa, wakisema dawa imo ubawani. Mtume, rehema na amani zimfikie, ndiye aliyetuamrisha kufunika vyombo vyetu na kufunga viriba vyetu usiku. Anayeshika hadithi moja ili aivunje nyingine hakushika hata moja.

Turudi Kajiado. Wamaasai tangu zama wanajua kuyahifadhi maziwa bila ya barafu wala stima. Huyatia katika kibuyu kilichofukizwa kwa kaa la mti, na mti waupendao mno ni mzeituni wa mwitu, waliouita oloirien katika lugha yao. (Mzeituni umesifiwa katika Kitabu chetu, na jirani zetu wafukiza vibuyu kwa nduguye, nasi hatukujua!) Maziwa hukaa humo siku kadhaa yakaganda, nayo huitwa kule naoto. Mwaka 2004 Julius Mathara, mtaalamu wa Kenya wa vijidudu vya chakula, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti wao juu ya maziwa hayo. Walichukua sampuli 22, na waliotawala humo walikuwa bakteria wa jamii ya laktobasili, na aliyezidi wote ni yule aitwaye plantarumu. Bakteria hawa hufanya asidi inayoyachachusha maziwa, na asidi hiyo yatosha kuwafukuza waharibifu wengi. Na jamii hii yajulikana kuwa wengi wake hutengeneza peptidi za kuwaulia wapinzani wao. Za plantarumu zimepewa jina la plantarisini.

Peptidi ya bakteria wa maziwa iliyo mashuhuri kuliko zote ni nisini. Rogers na Whittier wa Marekani waliiona athari yake mwaka 1928, mwaka ule ule Alexander Fleming alipoiona penisilini mjini London. Mwaka 1947 ikapewa jina lake huko Uingereza. Tasbihi yake ina shanga 34. Mwaka 1969 kamati ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Shirika la Afya la Dunia ilikubali kuwa ni salama kutiwa katika chakula, na mwaka 1988 Marekani nayo ikairuhusu katika namna za jibini. Ubora wake mmoja ni kuwa, kwa sababu ni protini ndogo, tumbo la mwanadamu huisaga kama linavyosaga nyama na maharagwe.

Tumeulizwa: je, chakula kilichotiwa nisini ni halali? Jawabu letu ni kuwa asili ya vitu ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza. Kitu hiki hutolewa kwa bakteria wale wale wa maziwa ya mgando ambayo bibi zetu wameyatia katika mkate na wali tangu tujue. Ikithubutu kuwa kiwanda fulani kimewalisha bakteria wake kitu cha najisi, hapo itakuwa na maneno mengine. Lakini hatuharamishi kwa dhana.

Wala mtu asidhani, kwa haya tuliyoyasema, kuwa maziwa yajilinda yenyewe na mwanadamu alale. Nisini haiwawezi vijidudu vyote. Salmonela na ndugu zake wana ngozi ya pili nje ya ngozi yao, na peptidi hiyo peke yake hushindwa kupenya. Na ugonjwa wa homa ya maziwa uitwao brusela, ambao wafugaji wa Kajiado wanaujua vizuri kwa maumivu ya viungo na homa ya kwenda na kurudi, hauondoki kwa kuwa maziwa yamechacha. Dawa yake ni kuyachemsha kwanza, kisha yakapoe, kisha yatiwe chachu safi yagande. Mwenye kutwambia kuwa wazee hawakuchemsha wakaishi, tutamwuliza: amewahesabu waliokufa?

Sasa tumefika penye swali la kijana. Mjini Kajiado mama mmoja wa Kimaasai, mwuza maziwa ya mgando kwa miaka mingi, alitwambia neno ambalo lilitufungua macho kuliko vitabu. Alisema: "Maziwa ya ng'ombe aliyedungwa sindano hayagandi. Ukiyatia kibuyuni hukaa, yakanuka, lakini hayagandi." Tukawauliza wataalamu, wakasema mama yule amesema kweli tupu, na hata viwanda vya maziwa ya mgando huliogopa jambo hilo. Penisilini ikiingia katika maziwa huwaua au huwalemaza wale bakteria wema wenye kutengeneza asidi na peptidi. Kumbe ile ngome tuliyoieleza, aliyoijenga Mwenyezi Mungu ndani ya kibuyu, yabomolewa na mabaki ya sindano moja.

Na huo ni mwanzo wa madhara. Wako watu ambao penisilini huwadhuru, miili ikawavimba na pumzi zikawabana, na anayeinunua lita ya maziwa hajui kuwa anainunua pamoja na dawa. Kisha liko lililo kubwa zaidi. Vijidudu wanapoonjeshwa dawa kidogo kidogo, kiasi kisichowaua, huwa kama mwizi aliyetiwa rumande siku moja akaachwa: hutoka amejifunza. Wale dhaifu hufa, walio hodari hubaki wakazaana, na siku mtoto anapougua kweli, dawa ile ile aliyopewa haimfai kitu. Fleming mwenyewe aliionya dunia juu ya jambo hili mwaka 1945, katika hotuba yake alipopokea tuzo ya Nobel. Hakusikizwa sana. Wataalamu waliokusanya hesabu za dunia nzima walieleza mwaka 2022 kwamba katika mwaka 2019 peke yake watu kiasi cha 1,270,000 walikufa kwa maradhi ambayo vijidudu vyake vimeshinda dawa. Sababu zake ni nyingi, na maziwa ni moja tu. Sisi wenyewe twazinunua dawa hizo dukani bila ya cheti cha daktari, twameza siku mbili, tukiona nafuu tukatupa zilizobaki. Lakini muuza maziwa akisema "langu ni tone tu", na muuza kuku akasema vivyo hivyo, na mnywa dawa akasema vivyo hivyo, bahari itakuwa imejaa.

Na hapa ndipo tulipokumbuka, baada ya kuaibika mbele ya kijana yule, kuwa jawabu lilikuwa katika vitabu vyetu siku zote. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Kishafii wana maneno juu ya *jallala*, yaani mnyama aliye halali ambaye amezoea kula uchafu mpaka ukaingia katika nyama yake na maziwa yake. Hawakusema: ng'ombe ni halali, basi kunyweni. Wamekirihisha, na wengine wakaharamisha, nyama yake na maziwa yake mpaka afungiwe, alishwe kilicho safi, na harufu imtoke. Wakataja hata siku: ngamia 40, ng'ombe 30, mbuzi na kondoo 7, kuku 3. Wakasema kinachotazamwa hasa ni kuondoka kwa athari. Sasa mtu na azingatie. Daktari wa mifugo asemapo "ngoja siku nne", amefuata njia waliyopita maulamaa wetu miaka mia nyingi kabla ya penisilini kuzaliwa: mnyama ni halali, lakini kimeingia ndani yake kitu kinachodhuru, basi azuiliwe mpaka kitoke. Siku zinatofautiana kwa kila dawa, nazo huandikwa juu ya chupa yake. Anayezipuuza hana udhuru wa kutojua.

Tena liko jambo la ghashi. Mtume wetu alipita sokoni akaingiza mkono wake ndani ya chungu ya nafaka, vidole vikatoka na maji. Mwenyewe akatoa udhuru kuwa imenyeshewa na mvua. Hakukubaliwa udhuru huo. Aliulizwa kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wakauona, kisha ikaelezwa kuwa mwenye kudanganya si katika sisi. Ikiwa maji ya mvua, yasiyomdhuru mtu, yamehukumiwa hivyo, itakuwaje dawa isiyoonekana kwa jicho wala haina harufu? Na kisa cha binti wa Madina mnakijua nyote, ambaye mamake alimwamrisha atie maji katika maziwa usiku, naye akakataa akisema kuwa Umar hayupo lakini Mola wa Umar yupo. Sayyidna Umar aliyasikia maneno hayo akiwa katika doria yake, akamwoza binti huyo kwa mwanawe Asim, na katika kizazi chao akatoka Umar bin Abdul Aziz. Khatibu wetu hukisoma kisa hiki kila mwaka, na watu wakalia. Kisha maziwa ya maji yaendelea kuuzwa nje ya msikiti ule ule.

Tukiacha maziwa, nyama ina mambo yake. Katika machinjio mengi ya Kenya, pamoja na ya huko Kajiado yanayoilisha Nairobi, mwenye kushika kisu ni Mwislamu, ili watu wa dini zote wapate kula pamoja. Wenzetu wasiokuwa Waislamu wametukubalia hilo kwa roho safi. Ni heshima, na ni amana. Lakini sisi tumeifahamu amana hiyo kuwa yaishia kooni mwa ng'ombe. Katika ukame mkubwa wa mwaka 2022 mifugo mingi ilikufa Kajiado, na ukame ukija hivyo, ng'ombe asiyeweza kusimama huwa na thamani kwa mtu mmoja tu: yule atakayemwahi kwa kisu kabla roho haijatoka. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wameeleza kuwa mnyama aliyedhoofishwa na maradhi, akichinjwa angali na uhai, huhalalika. Kweli. Lakini hukumu hiyo ni ya kisu, si ruhusa ya kumlisha mtu sumu, kwani kila kinachodhuru mwili ni haramu kukila kwa sababu nyingine. Kisu hakiondoi kimeta. Mbegu za kimeta hukaa katika ardhi miaka na miaka, na mwenye kumchuna ng'ombe huyo na mwenye kumla wote wako khatarini. Mchinjaji anayemwona ng'ombe mgonjwa akamchinja kimya kimya usiku kabla mkaguzi hajafika, huyo ameitumia Bismillahi kufunika khiyana.

Mwezi wa Julai 2019 taarifa ya runinga nchini ilidai kuwa maduka makubwa kadhaa ya Nairobi huitia nyama iliyochakaa dawa iitwayo sodiamu metabisalfaiti ili irudi rangi nyekundu. Khabari ile ilizua kelele kubwa. Dawa hiyo yaruhusiwa katika vyakula vingine kwa kipimo, lakini katika nyama mbichi hukatazwa na nchi nyingi, kwa kuwa huirudishia rangi nyama iliyokwisha kuharibika, ikamhadaa mnunuzi, na huangamiza vitamini ya mwilini. Ni yale yale ya chungu ya nafaka: kibichi kimewekwa chini, kikavu juu.

Wala tusiwatazame wauzaji tu. Twajisemea na sisi. Ramadhani moja, katika futari tuliyowaandalia watoto wa chuo chetu, wali na mchuzi wa nyama ulipikwa adhuhuri, ukafunikwa katika masufuria, ukakaa katika joto la pwani mpaka Magharibi. Usiku watoto wengi walitapika na kuhara, na mmoja wao alilazwa siku mbili. Watu wakasema ni jicho la hasidi. Wengine wakataka waandikiwe kombe. Na sisi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulinyamaza, kwa sababu kusema "ni jicho" kulituondolea lawama sisi tuliopika mapema ili tupate kupumzika. Miaka ilipita ndipo tukafahamu kuwa zipo mbegu za bakteria zisizokufa kwa kupikwa, nazo huamka katika chakula chenye uvuguvugu, wakazaa sumu ambayo haiondoki hata ukikipasha moto tena. Wataalamu wa Shirika la Afya wasema chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Ama kiwe moto mno kupita digrii 60, ama kiwe baridi chini ya digrii 5. Shirika hilo lilikadiria mwaka 2015 kuwa watu 420,000 hufa kila mwaka duniani kwa chakula kibaya, na karibu theluthi yao ni watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto yule aliyelazwa sasa ni mtu mzima. Tulikwenda tukamwomba radhi, naye akacheka akasema hakumbuki.

Siku ya tatu tulimpigia simu kijana wa Kitengela. Tukamwambia: usiuze. Hata ukimweleza mnunuzi, hata ukiuza kwa nusu bei, usiuze, kwani madhara hayaishii kwa yule aliyeridhia. Na zile lita kumi ulizouza asubuhi ya kwanza, mwenye kuzinunua ana haki ya kuelezwa kasoro na kurejeshewa pesa zake. Akauliza: je, niwape ndama? Tukamwambia amwulize daktari wake, na daktari akamkataza, kwani vijidudu vya tumbo la ndama nao hujifunza. Akauliza la mwisho, nalo lilikuwa zito: "Na khasara yangu, Shekhe, nani atailipa?"

Hatukumjibu kwa maneno. Ndugu wa darasa walichanga usiku ule, baada ya Isha, tukamtumia kwa simu thamani ya lita thelathini alizozimwaga. Lita kumi za kwanza hatukumlipia. Hizo alizirejesha mwenyewe kwa wateja aliowakumbuka. Alitwambia mwenye mkahawa mmoja alimtazama kwa muda mrefu, akidhani ni mzaha, kisha akaipokea pesa yake na kumwagizia maziwa ya mwezi mzima. Ng'ombe amepona. Siku ya tano alimpelekea jirani yake wa Kimaasai lita mbili amtilie kibuyuni, na baada ya siku chache akatuletea khabari kuwa yameganda.